Kamati ilitaka mashine, wazazi wakataka chakula: kisa cha matembezi ya hisani ya watoto njiti Mbeya

Kisa hiki kinahusu kikao kimoja cha kamati ya maandalizi kilichofanyika Mbeya mjini, wiki chache kabla ya Siku ya Mtoto Njiti Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 17 Novemba. Ajenda ilikuwa rangi ya fulana, njia ya kupita na nani awe mgeni rasmi. Tulitoka saa mbili usiku, na fulana hatujaigusa. Akina mama watatu walioalikwa ili siku ya matembezi wapande jukwaani kutoa ushuhuda walisema hawatapanda mpaka waambiwe fedha zitakazochangwa zinakwenda kufanya nini.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo kwa upande wa ustawi wa jamii. Majina ya watu, ya kikundi na ya hospitali nimeyaacha makusudi. Nakiandika kisa hiki kwa sababu matembezi na mbio za hisani zimeshakuwa sehemu ya maisha yetu. Tuna Tulia Marathon hapa hapa Mbeya, CRDB Marathon ya Dar es Salaam imechangia matibabu ya moyo kwa watoto, NBC Dodoma Marathon imechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kesho kamati kama yetu itakaa Iringa, Njombe au Vwawa, na swali la wale akina mama litawafuata huko.

Kwanza, ni akina nani hawa. Walifahamiana wodini, kwenye chumba cha kangaroo, kila mmoja na mtoto wake amemfunga kifuani kwa kitenge. Walipotoka wakaanzisha kundi la WhatsApp ambalo mwanzoni lilikuwa na swali moja tu: wako leo kafika ngapi? Asiyepitia hayo hawezi kujua uzito wa swali hilo. Mtoto wa gramu 1,250 akiongeza gramu 20 kwa siku, nyumba nzima inapigiwa simu. Akipungua gramu 10, mama halali. Kundi likakua, likaanza kuchangiana nauli, likaanza kwenda kuwaona waliolazwa, na baadaye wakaja na wazo la matembezi. Wazo lilikuwa lao. Hili nalisema mapema kwa sababu lilipofika kwenye kamati yenye watu wa benki, wafanyabiashara, viongozi wa dini na wa klabu za jogging, wenye wazo walijikuta wamepangiwa dakika kumi za ushuhuda kati ya risala na hotuba ya mgeni rasmi.

Pili, njiti ni mtoto wa namna gani. Ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia. Sababu ni nyingi: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, maambukizi, malaria, mimba ya mapacha, na mara nyingi hakuna anayeweza kuonyesha sababu hata moja. Dunia nzima, mwaka 2020 walizaliwa njiti wapatao milioni 13.4, takribani mmoja katika kila watoto kumi. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umeonyesha 25. Katika kipindi hicho hicho vifo vya walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Watoto wakubwa tumewaokoa kwa kasi, wachanga wamebaki karibu pale pale, na lengo la dunia ni kufika 12 ifikapo 2030.

Mwili wa njiti una upungufu wa mambo matatu. Mapafu hayajapata utelezi wa kutosha wa kuyazuia yasisinyae, kwa hiyo kupumua ni kazi. Hana mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo joto linamtoka haraka, na akipoa anatumia sukari na oksijeni aliyo nayo kidogo kujipasha, kupumua kunakuwa kugumu zaidi. Na kama amezaliwa kabla ya wiki ya 32 hadi 34, bado hajaweza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, hivyo analishwa kwa mpira uliopita puani au mdomoni hadi tumboni. Sasa mweke mtoto huyo Mbeya, mji ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi Julai, saa kumi za alfajiri. Mtu mzima mwenye sweta na blanketi analalamika.

Basi tulipofika kwenye kipengele cha matumizi, mwenyekiti alisoma pendekezo: mapato yote yanunue mashine ya joto kwa ajili ya wodi ya watoto wachanga. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi siwalaumu. Mashine inaonekana, inakabidhiwa mbele ya kamera, inabandikwa stika ya aliyechangia, na kila mtu anajua kwamba njiti na mashine ya joto ni vitu vinavyokwenda pamoja.

Aliyenyoosha mkono alikuwa mama kutoka Ubaruku, Mbarali, mkulima wa mpunga. Alianza kwa shikamooni, akaomba radhi kwa wazee waliokuwepo, kisha akaeleza. Yeye alikaa wodini kwa wiki kadhaa na mtoto wake. Mume alibaki na shamba na watoto wengine wawili. Mjini hana ndugu. Wenzake walikuwa wanaletewa chakula na mashemeji na mawifi kutoka Ilomba, Igawilo, Mbalizi. Yeye alikuwa anasubiri mwenzake wa kitanda cha pili amgawie uji. Manesi walimwelekeza vizuri kabisa namna ya kukamua maziwa. Alikamua, akapata matone ya kufunika chini ya kikombe. Akaambiwa ale, anywe maji mengi, apumzike. Ale nini? Kutoka kwenda kutafuta chakula kulimaanisha kumtoa mtoto kifuani. Fedha aliyokuja nayo ilikwisha, na hela ya kukopa kwa mtu aliye mgeni mjini haipatikani kirahisi.

Akamaliza kwa kusema kwamba mashine ya joto wodini ipo, na aliiona. Tena moja ilikuwa imesimama kona, imefunikwa shuka, inasubiri kipuri.

Mjumbe mmoja alimjibu kwamba chakula ni jukumu la familia. Hapo ndipo kikao kilipowaka. Nitaeleza kwa nini naamini yule mama alikuwa sahihi, na sahihi kitaalamu, si kwa huruma peke yake.

Huduma ya kangaroo, yaani kumweka mtoto akiwa na nepi na kofia tu, kifua kwa kifua na mama, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria. Hospitali yake ilikuwa na watoto wengi na mashine chache, wanalazwa wawili watatu kwenye mashine moja na kuambukizana. Kwa miaka mingi huduma hiyo ilihesabiwa kama msaada wa maskini: mtoto atibiwe kwanza kwa mashine, akishatulia apewe mama. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwa Tanzania ilikuwa Muhimbili. Watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, kabla hata hali haijatulia, walifariki kwa robo pungufu wakilinganishwa na wale waliosubirishwa hadi watulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Soma tena saa hizo. Anayetakiwa kukaa saa hizo zote ni binadamu, tena aliyetoka kujifungua, wengi wao kwa upasuaji. Na maziwa yake yanatakiwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mama huyu hana nafasi ya kwenda sokoni Mwanjelwa kununua ndizi. Akikosa chakula maziwa yanapungua, na yakipungua, mtoto anakosa kinga na uzito. Kwa hiyo sahani ya chakula ya mama wa njiti ni sehemu ya matibabu ya mtoto, sawa na mpira wa kulishia. Hii si lugha ya kuchangamsha mkutano. Ndivyo mwili unavyofanya kazi.

Muuguzi aliyekuwepo aliweka jambo sawa, na namshukuru, kwa sababu mjadala ulikuwa umeanza kuelekea kudharau mashine. Kifua cha mama hakitoi oksijeni. Mtoto ambaye mapafu yake yanasinyaa anahitaji kifaa cha kumsukumia hewa, anahitaji dawa, anahitaji daktari wa watoto karibu. Vitu hivyo vinataka umeme usiokatika, fundi wa vifaa tiba, vipuri na bajeti ya kila mwaka, na hilo ni jukumu la serikali na hospitali, ambalo mchango wa siku moja hauwezi kulibeba. Mashine ya joto iliyonunuliwa kwa harambee bila mpango wa fundi ndiyo ile iliyofunikwa shuka.

Mhazini, mtu wa benki, alikuwa na hoja nzito kuliko zote. Chakula kinaliwa kinaisha. Wachangiaji watauliza: kiko wapi? Mkaguzi atauliza risiti. Na chakula kikigawiwa na mtu, maneno hayakosekani kwamba fulani kapewa kwa kuwa ni wa kwao. Hoja hii haikustahili kupuuzwa na hatukuipuuza. Kikao cha pili ndicho kilichopata njia: mama lishe wawili walio jirani na hospitali waingie makubaliano ya maandishi, mama aliyelazwa apewe kuponi za siku kwa saini ya muuguzi wa zamu na ofisa ustawi wa jamii, mama lishe alipwe kila wiki kwa idadi ya kuponi alizorudisha. Sehemu nyingine ya fedha inunue viti vya kulalia vya huduma ya kangaroo, vitambaa vya kufungia mtoto, mablanketi, na mzani wa kidijitali. Viti vinabandikwa stika vizuri tu. Na wazazi wawili, mmoja wao yule wa Ubaruku, waingie kwenye kamati ndogo ya fedha, wakiwa na kura kama wengine.

Jambo la watoto kupandishwa jukwaani lilimalizwa haraka zaidi. Mpango ulikuwa njiti waliotoka wodini karibuni waletwe wakiwa na kofia za zambarau, mgeni rasmi awabebe, picha zipigwe. Muuguzi alikataa, wazazi wakakataa pamoja naye. Mtoto wa kilo mbili haletwi saa kumi na mbili asubuhi katikati ya watu wanaokohoa. Badala yake walitafutwa watoto waliokuwa njiti na sasa wako shule ya msingi, wabebe bango mbele ya msafara, kwa ridhaa ya wazazi wao na bila kuandikwa majina. Kofia zilifumwa vile vile. Bibi mmoja wa Kinyakyusa, mama mkwe wa mwanakikundi, alifuma kofia na soksi za sufu mfuko mzima. Kofia yenyewe ukubwa wake ni wa kuingia chungwa, na ukingo umefumwa mara mbili ili usibane. Zilipelekwa wodini kimya kimya, tukapiga picha ya mfuko tu. Nilipomshukuru alijibu ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akauliza kama uzi utaletwa tena.

Nataka nikae kidogo kwa mama wa mapacha.

Alikuwa mmoja wa wale watatu. Alijifungua mapacha wa wiki 30, mmoja akaishi, mwingine akafariki siku ya nne. Kamati ilimpangia azungumzie aliyeishi. Yeye akasema anataka kuwataja wote wawili. Mshereheshaji aliyekuwa ameandaliwa akaona hapana, siku ni ya furaha, watu watatokwa machozi, mchango utapungua. Wajumbe wengine walinyamaza, na nadhani walinyamaza kwa sababu kila mmoja wetu ana dada, shangazi au mke mwenye jambo kama hilo ambalo halisemwi.

Mtoto mchanga wa siku chache, katika familia nyingi za huku kwetu, huzikwa na wanawake wazee au wanaume wachache, bila watu kujaa, bila turubai. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakiamini mama ataumia kidogo. Kwa huyu ilikuwa hivi: yeye alikuwa wodini na pacha aliyebaki, mtoto akachukuliwa akazikwa, na aliporudi nyumbani baada ya wiki nyingi watu walimpokea kwa pongezi. Hakuna aliyempa pole. Aliposema hilo kikaoni sauti yake haikutetemeka. Alisema anataka kutembea kwa ajili ya wote wawili, na kama hilo haliwezekani, atamwombea kila mtu heri na kubaki nyumbani.

Hapa niliwaeleza wajumbe ninachokijua kuhusu Marekani. Shirika la March of Dimes, lililoanzishwa na Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1938 kupambana na polio, lilianza matembezi ya kuchangia afya ya watoto wachanga mwaka 1970, na tangu 2008 yanaitwa March for Babies. Huko familia huunda timu zenye jina la mtoto wao. Timu nyingine ni za mtoto aliyepona, nyingine ni za mtoto aliyefariki, na zote hutembea barabara moja. Mchango haukufa kwa sababu ya machozi. Miaka zaidi ya hamsini bado wanatembea. Sikusema hivyo ili tuige kila kitu. Wao wana utaratibu wao wa msiba na sisi tuna wetu. Nilitaka tu ionekane kwamba aliyefiwa si mgeni kwenye shughuli hii.

Kiongozi wa dini aliyekuwemo ndiye aliyefunga mjadala. Alipendekeza kabla ya msafara kuondoka kuwe na dua na sala fupi, na wazazi waliofiwa na watoto wachanga waombwe wasogee mbele kama wanapenda, bila kulazimishwa kusema lolote. Siku yenyewe nilitarajia wachache. Walisogea wengi kuliko wazazi wote wa kikundi chetu, wakiwemo akina bibi wa umri wa miaka sabini na wanaume wawili wa klabu za jogging ambao nimewafahamu kwa miaka na sikujua. Watu wakaanza kuwapa pole, mmoja mmoja, kwa mkono, kama msibani. Ratiba ilichelewa karibu saa nzima na matarumbeta yakasubiri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa yenye thamani kuliko zote za siku ile.

Matembezi yalianzia Kabwe hadi Uwanja wa Sokoine, kwa manyunyu ya mvua ya kwanza. Sina mengi ya kusema kuhusu msafara. Ulikuwa kama misafara mingine, trafiki mbele, gari la wagonjwa nyuma. Nitaje tu baba mmoja, dereva wa bajaji, aliyefungwa mwanasesere kifuani ndani ya koti lake ili kuonyesha namna baba anavyoweza kumpokea mama asiyeweza kukaa saa zote. Vijana wa bodaboda walicheka alipoanza. Alipowaambia kwamba mtoto wake alitoka wodini kwa kubebwa hivyo na yeye usiku, mama akiwa hoi kwa upasuaji, wawili wakamfuata pembeni kumuuliza inafungwaje.

Sasa matokeo. Viti viliingia wodini na vinatumika. Kuponi zilifanya kazi, na malalamiko ya upendeleo niliyoyaogopa hayakufika mezani, kwa sababu waliokuwa wanazihesabu walikuwa wazazi wenyewe. Lakini kuponi ziliisha kabla ya Juni, yaani kabla ya baridi kali, wakati zinapohitajika zaidi. Watoto huzaliwa mwaka mzima na mchango unakuja Novemba. Hili ni kasoro ya muundo wenyewe wa matembezi, na kuongeza wingi wa fulana hakutaiondoa. Klabu mbili za jogging zimekubali kuchangia kila mwezi badala ya mara moja, na hiyo naiona kuwa faida kubwa kuliko kiasi kilichopatikana siku ya tukio.

Suala la likizo ya uzazi nalo liliibuka, kupitia mwalimu mmoja wa kikundi ambaye siku zake 84 ziliyeyuka mtoto akiwa bado mdogo mno wa kuachwa na dada wa kazi. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yanayomwongezea muda mama aliyejifungua njiti. Ni hatua ya haki. Ila kwenye orodha ya kikundi, wenye mwajiri ni wachache. Wengi wanauza ndizi na parachichi, wanalima, wanashona. Likizo yao ni vikoba na mawifi.

Kilichobaki bila jibu ni nauli ya kliniki. Njiti akiruhusiwa anatakiwa kurudi mara kwa mara: kupimwa uzito, kuangaliwa macho, masikio na ukuaji wake. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115, unasafirisha mjamzito au mchanga mwenye dharura bila malipo, na umeokoa watu. Safari ya kawaida ya kliniki haihusiki. Mama wa Chunya au wa Ubaruku anapoanza kukosa tarehe, tunasema ni mzembe, wakati kila tarehe inamgharimu nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku ya kazi. Kamati ndogo imegawanyika: mhazini anataka fedha yote inayofuata ibaki kwenye chakula kwa sababu mfumo wake umeshathibitika, wazazi wanataka theluthi iende kwenye nauli. Mimi niko upande wa wazazi, na nimependekeza nauli ilipwe mtoto anapofika kliniki, kwa kadi yake ya kliniki, ili mhazini apate karatasi anayoihitaji. Kikao cha kuamua hilo kimepangwa kabla ya kadi za mchango za mwaka huu kuchapwa.